Jumba la Mahakama la Kaunti ya St. Louis: Mlango wa Mashariki na Ubawa wa Magharibi

Historia ya nyumba za sheria huandikwa mara nyingi kama historia ya mawe na kuba: nani aliyechora ramani, nani aliyelipa, ujenzi ulidumu miaka mingapi. Kuhusu jumba la kale la mahakama la St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, mtafiti wa namna hiyo hakosi cha kuandika, maana jumba lenyewe ni zuri na lilijengwa kwa taabu nyingi. Lakini liko swali jingine ambalo mawe peke yake hayalijibu. Ilikuwaje nyumba moja, yenye makarani wale wale na sherifu yule yule, iwauze watu mlangoni pake na kuwapa watu uhuru wao vyumbani mwake? Wengi wamezoea kujibu kwamba mnada ulikuwa jambo la barabarani, na kwamba wafanyabiashara walizitumia ngazi za mahakama kwa kuwa tu zilikuwa mahali pa wazi penye watu wengi. Jibu hilo halilingani na jinsi sheria ya Missouri ilivyofanya kazi.

Mji wa St. Louis ulianzishwa mwaka 1764 na wafanyabiashara waliosema Kifaransa, kwenye ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, ukapewa jina la Louis wa Tisa, mfalme mtakatifu wa Ufaransa. Ulipopita mikononi mwa Wamarekani pamoja na Louisiana yote, ukawa makao makuu ya kaunti, yaani sehemu ya utawala yenye baraza lake, hazina yake na mahakama zake. Kaunti huhitaji nyumba ya mahakama. Mwaka 1816 wenyeji wawili wenye mali, Auguste Chouteau na Jean-Baptiste Charles Lucas, waliitoa ardhi ya kujengea nyumba hiyo, juu kidogo ya mto, kwa sharti moja lililoandikwa katika hati: ardhi itumiwe daima kwa mahakama ya Kaunti ya St. Louis. Neno hilo «daima» litarudi mbele, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa namna ambayo watoaji hawakuitazamia.

Chouteau alikuwa miongoni mwa wenye watumwa wengi mjini. Ndugu yake, Pierre Chouteau, alishtakiwa kwa miaka mingi na wazao wa Marie Jean Scypion, mwanamke ambaye mama yake alikuwa wa taifa la Natchez, mmoja wa watu wa asili wa nchi ile. Wazao hao walidai kwamba utawala wa Hispania, ulioitawala Louisiana kabla ya Wamarekani, ulikuwa umepiga marufuku utumwa wa watu wa asili, kwa hiyo wao walikuwa huru. Shauri lao lilianza mwaka 1805 na halikwisha kabisa hadi mwaka 1838, waliposhinda. Ni vema kulikumbuka, kwa sababu laonyesha kwamba madai ya uhuru yalitangulia jumba lenyewe. Watu waliofungwa walikuwa wameijua njia ya mahakama kabla mahakama haijawa na kuta za matofali.

Nyumba ya kwanza ya matofali ilimalizika mwaka 1828. Ilikuwa ya kadiri, nayo ilifaa mji wa watu wasiozidi 5,000. Muda si muda mashua za moshi zikauletea mji biashara ya mto mzima, watu wakawa zaidi ya 16,000 mwaka 1840, na zaidi ya 77,000 mwaka 1850. Mwaka 1839 ilianza kujengwa nyumba mpya kwa ramani ya Henry Singleton: ukumbi wa duara katikati, wenye kuba juu, na mabawa manne yakitoka humo kama mikono ya msalaba. Nyumba ya matofali haikubomolewa mara moja. Iliachwa ikawa ubawa wa mashariki, hadi mwaka 1851 ilipoondolewa na ubawa mpya ukajengwa mahali pake. Ubawa wa magharibi pamoja na ukumbi wa duara vilifunguliwa mwaka 1845. Hayo yote yanafaa kushikwa akilini, kwa maana upande wa mashariki na upande wa magharibi viliishi maisha mawili tofauti.

Mashariki ni upande wa mto na wa soko. Matangazo ya magazeti ya wakati ule yaliwaita wanunuzi kwenye mlango wa mashariki wa jumba la mahakama, siku fulani, mara nyingi wakati mahakama inakaa. Wauzaji walikuwa nani? Wafanyabiashara wakubwa wa watumwa, kama Bernard Lynch, walikuwa na nyumba zao zenye vyuma madirishani mahali pengine mjini. Hawakuhitaji ngazi za mahakama. Mnada wa mlango wa mashariki ulikuwa hasa mnada wa sheria. Mtu alipokufa bila kulipa madeni, au warithi wake wasipoweza kugawana, Mahakama ya Mirathi iliamuru mali iuzwe, na katika mali hiyo walihesabiwa watu pamoja na farasi, vitanda na vyombo vya jikoni. Mdeni aliposhindwa kulipa, sherifu alimkamata mtumwa wake kama alivyoweza kukamata gari lake, akamwuza hadharani. Karani aliandika bei, msimamizi wa mirathi akatoa hesabu yake mbele ya hakimu, hakimu akaikubali. Kwa hiyo mnada ulianza ndani ya jumba, kwa amri, ukatoka nje ya mlango kwa dakika chache, ukarudi ndani kwa maandishi. Kusema kwamba mahakama ilistahimili mnada mlangoni pake ni kuipunguzia sehemu yake. Mahakama ndiyo iliyouza.

Jambo moja hasa lililowatisha waliofungwa ni kufa kwa bwana. Bwana mpole alipokufa na madeni, upole wake haukuwa na thamani yoyote kwa mahakama. Familia ya mtumwa ilitawanywa kwa warithi na wadai kama shamba linavyokatwa vipande.

Ama ndani ya jumba, hali ilikuwa nyingine, wala si kwa sababu ya huruma. Sheria ya Missouri ya mwaka 1824 ilimruhusu mtu aliyeshikwa utumwani kuomba mahakama imkubalie kushtaki kama maskini, naye akapewa wakili. Kwa kuwa mtumwa hakuwa na haki ya kumshtaki bwana wake, sheria ilitumia hila ya maneno: mdai alisema kwamba mdaiwa amempiga na kumfunga bila haki. Mdaiwa akajibu kwamba ana haki, kwa kuwa huyo ni mtumwa wake. Hapo swali la uhuru likawa mbele ya juri, yaani raia kumi na wawili, wote wanaume weupe. Mwaka huo huo wa 1824 Mahakama Kuu ya Missouri iliamua, katika shauri la mwanamke aliyeitwa Winny, kwamba mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kukaa katika nchi isiyo na utumwa amekuwa huru, na kurudi Missouri hakumfanyi mtumwa tena. Ng'ambo ya mto ilikuwa Illinois, nchi isiyoruhusu utumwa. Wengi walikuwa wamevushwa mto huo na mabwana wao, kwa kazi ya mwaka au miaka kadhaa, bila bwana kufikiri kwamba kila siku ya ng'ambo ilikuwa ushahidi.

Nyaraka zilizohifadhiwa zina zaidi ya mashauri 300 ya namna hiyo, kutoka mwaka 1814 hadi mwaka 1860. Si wote walioshinda, wala kushtaki hakukuwa jambo rahisi. Polly Wash, aliyekuwa amewahi kukalishwa Illinois, alishtaki mwaka 1839 akapata uhuru wake mwaka 1843. Kabla hajaupata alikwisha mshtakia binti yake Lucy, kwa hoja kwamba mtoto hufuata hali ya mama wakati wa kuzaliwa. Lucy, msichana mdogo bado, aliwekwa gerezani miezi 17 akingoja hukumu, asije akafichwa na kuuzwa mbali. Wakili wake mbele ya juri alikuwa Edward Bates, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa na ambaye baadaye alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Abraham Lincoln. Februari 1844 Lucy aliachwa huru. Aliishi hata akaandika habari zake katika kitabu kilichochapwa karibu mwaka 1891, kwa jina la ndoa la Lucy Delaney, na ni katika maandishi machache ambamo mdai mwenyewe asema jinsi mahakama ilivyoonekana kutoka kwenye kiti cha anayehukumiwa.

Dred Scott na mkewe Harriet walikuja kwa njia hiyo hiyo iliyozoeleka. Tarehe 6 Aprili 1846 kila mmoja alitoa ombi lake. Dred, asiyejua kuandika, aliweka alama ya msalaba. Bwana wake wa zamani, daktari wa jeshi John Emerson, alikuwa amempeleka Illinois na kisha Fort Snelling, katika nchi ya kaskazini ambako utumwa ulikatazwa na sheria ya Bunge. Huko ndiko alikomwoa Harriet. Emerson alikwisha kufa, na aliyeshtakiwa ni mjane wake, Irene Emerson. Kwa desturi ya mahakama ya St. Louis shauri hilo halikuwa na ugumu.

Lilisikilizwa tarehe 30 Juni 1847 katika ubawa wa magharibi, mbele ya hakimu Alexander Hamilton. Likaanguka kwa jambo dogo. Shahidi Samuel Russell alisema amewapangisha akina Scott kutoka kwa mjane. Alipohojiwa, akakiri kwamba mpango wote aliufanya mkewe, yeye alilipa fedha tu. Maneno yake yakawa ushahidi wa kusikia. Kwa hiyo haikuthibitishwa kwamba mjane Emerson anawashika akina Scott kama watumwa, na kwa sababu hiyo akabaki nao kama watumwa! Hakimu aliona upungufu huo akaruhusu shauri lisikilizwe upya. Moto mkubwa wa mwaka 1849 na kipindupindu cha mwaka huo vikachelewesha mambo. Januari 1850, katika ubawa ule ule, juri ilimpa Dred Scott uhuru wake.

Kama mambo yangeishia hapo, jina lake lingelala katika masanduku pamoja na mamia ya mengine. Mjane alikata rufani, na mwaka 1852 Mahakama Kuu ya Missouri ikaitangua hukumu kwa sauti mbili dhidi ya moja. Majaji wawili hawakusema kwamba ushahidi ulipungua. Walisema kwamba nyakati si zile za zamani, na kwamba Missouri haina tena wajibu wa kuheshimu sheria za majimbo yanayopinga utumwa. Jaji Hamilton Gamble alikataa kuwafuata. Miaka 28 ya maamuzi ikafutwa, na kila aliyekuwa akingoja zamu yake katika jumba la kaunti alifungiwa njia bila kusikilizwa.

Yafaa kusahihisha hapa jambo linalorudiwa mara nyingi. Shauri lililofika Washington halikuwa lile la jumba hili. Lilikuwa shauri jipya, lililofunguliwa katika mahakama ya shirikisho mwaka 1853 na kusikilizwa mwaka 1854 katika nyumba nyingine karibu na mto. Ni kutoka huko lilikopanda hadi tarehe 6 Machi 1857, jaji mkuu Roger Taney alipotangaza kwamba mtu mweusi wa nasaba ya watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, wala Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa katika nchi zake mpya. Hukumu hiyo ilizidisha chuki iliyozaa vita vya mwaka 1861.

Walakini mwisho wa shauri ulirudi katika jumba la kaunti. Mjane Emerson alikuwa ameolewa na Calvin Chaffee, mbunge wa Massachusetts mpinga utumwa, na aibu ikawa kubwa. Akina Scott na binti zao wawili wakahamishiwa kwa Taylor Blow, mwana wa mtu aliyemmiliki Dred hapo mwanzo, kwa kuwa ni mwenyeji wa Missouri tu aliyeweza kuwaacha huru huko. Tarehe 26 Mei 1857, mbele ya hakimu yule yule Hamilton, Blow aliwaandikia uhuru. Lakini miaka yote ya shauri sherifu alikuwa akiwakodisha akina Scott na kuitunza mishahara yao hadi ijulikane ni ya nani. Bibi Chaffee aliidai akapewa. Hivyo siku ile ile jumba liliwapa uhuru, likalitoa jasho lao la miaka kwa mtu mwingine. Dred Scott alifanya kazi ya kubeba mizigo hotelini, akafa Septemba 1858. Harriet aliishi hadi mwaka 1876.

Wala uhuru wenyewe haukuwatoa chini ya mamlaka ya jumba. Mtu mweusi aliye huru alitakiwa kuwa na kibali cha kukaa Missouri, kilichotolewa na baraza la kaunti, pamoja na dhamana ya mtu au ya fedha. Aliyetoka mlango mmoja akiwa huru alipaswa kuingia mlango mwingine kuomba ruhusa ya kuishi.

Ujenzi uliendelea wakati huo wote. Mabawa ya kusini na kaskazini yaliongezwa katika miaka ya 1850, na kuba ya kwanza, iliyokuwa fupi, ikaonekana haifai tena. William Rumbold akachora kuba ya chuma cha kusubu kwa mfano wa ile ya Mtakatifu Petro wa Roma, nayo ikamalizika mwaka 1862, wakati kuba ya Bunge la Washington ilikuwa bado inajengwa. Gharama za jumba lote zilikuwa zimefika takriban dola 1,200,000. Ndani ya kuba, Carl Wimar, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mgonjwa wa kifua, alichora matukio manne ya historia ya nchi ile akiwa amebakiza miezi michache ya maisha: wavumbuzi, waanzilishi wa mji, vita na watu wa asili, njia ya milimani kuelekea magharibi. Hakuna hata picha moja katika hizo nne inayohusu biashara ya mlango wa mashariki, ingawa mchoraji aliweza kuukumbuka mnada akiwa juu ya jukwaa lake. Picha ya mnada huo ilichorwa na mwingine, Thomas Satterwhite Noble, baada ya utumwa kwisha Missouri mnamo Januari 1865. Karibu na picha hiyo imekua simulizi ya mnada wa mwisho wa siku ya mwaka mpya 1861, ambapo umati uliukatiza kwa kutaja bei za dhihaka hadi dalali akachoka. Simulizi hiyo inapendwa, na kupendwa kwake kunaeleweka: inaupa mji dhamiri. Lakini mji uliokuwa na mnada huo mlangoni zaidi ya miaka thelathini haufafanuliwi na alasiri moja.

Baada ya vita jumba lilipokea dai jingine la uraia. Oktoba 1872 Virginia Minor alikwenda kujiandikisha kupiga kura, akakataliwa na mwandikishaji Reese Happersett. Kwa kuwa mke hakuruhusiwa kushtaki peke yake, mumewe Francis, aliyekuwa wakili, alishtaki pamoja naye. Walishindwa hapo, wakashindwa mbele ya Mahakama Kuu ya Missouri, na mwaka 1875 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kauli moja kwamba mwanamke ni raia kweli, ila uraia hauleti kura. Kwa Scott ilikuwa imesemwa kwamba hana haki kwa kuwa si raia.

Tangu hapo historia ya jumba ni ya kupungukiwa. Mwaka 1876 wapiga kura waliutenga mji na kaunti; kaunti ikahamishia makao yake Clayton, na jumba la kaunti likabaki la mji peke yake. Mwaka 1930 mahakama zikahamia jengo jipya refu. Ndipo wazao wa Chouteau na Lucas walipokumbuka lile neno «daima»: ikiwa ardhi haitumiki tena kwa mahakama, basi irudi kwao. Madai yao yalilichelewesha jumba, likawa kama yatima, hadi mwaka 1940 lilipoingia mikononi mwa serikali ya shirikisho kama sehemu ya kumbukumbu ya Jefferson. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo mitaa karibu 40 ya kando ya mto ilivunjwa, na mahali pake, mwaka 1965, likakamilika tao kubwa la chuma linalojulikana duniani. Jumba ni katika majengo machache ya eneo lile yaliyobaki. Mwaka 2012 sanamu ya Dred na Harriet Scott iliwekwa upande wa kusini, na mwaka 2025 jumba likafunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa, pamoja na maonyesho juu ya madai ya uhuru.

Mgeni anayeingia huomba kuonyeshwa chumba cha shauri la Scott. Hakipo. Mwaka 1855 sakafu ya chumba cha juu ilikuwa inalegea, na mafundi wakakigawa kile cha chini kwa kuta na ushoroba ili kuubeba uzito. Kwa hiyo Taney alipokuwa akiandika hukumu yake, mahali ambapo juri ilimpa Scott uhuru palikuwa tayari njia ya kupitia makarani. Kilichobaki ni karatasi, ambazo wahifadhi wa nyaraka walizifungua na kuzipanga katika miaka ya 1990. Katika matangazo ya mnada watu hutajwa kwa kawaida kwa jina moja na umri. Katika madai ya uhuru hutajwa kwa majina mawili, jina la mama, mahali alipokaa na miaka aliyokaa, na chini kabisa, kwa wino wa karani, alama ya mkono wa mdai mwenyewe.